Kwa nini jibu la ZeroMQ linakuja na herufi zisizo zake

*"Nimenakili msimbo wa mfano wa ZeroMQ kwa lugha ya C. Mteja (REQ) anatuma maandishi, na seva (REP) niliyoiandika kwa Python inajibu. Jibu la kwanza linapaswa kuwa 'Imepokelewa', lakini terminali inaonyesha 'Imepokelew' na alama za ajabu mwishoni. Jibu la pili ni 'Sawa', ila mimi naona 'Sawaokelew' na alama zilezile. Mwenzangu anasema mtandao unaharibu data, kwamba nitume strlen + 1 na niongeze bafa hadi 4096. Isitoshe, seva ikiwa imezimwa mteja anaganda tu. Nilipoweka muda wa kusubiri, ombi linalofuata likakataliwa. Nirekebishe wapi, au nihamie maktaba nyingine? Sehemu yenyewe ni hii:"*

```c
char bafa[10];
for (int i = 0; i < 2; i++) {
    zmq_send(mteja, "Habari", 6, 0);
    zmq_recv(mteja, bafa, 10, 0);
    printf("Jibu: %s\n", bafa);
}
```

Mtandao wako hauna kosa, na ZeroMQ, maktaba ya kupitishia ujumbe kati ya programu, haina kosa. Unachokiona ni dalili nne za mambo mawili. Jibu refu kukatwa mkia na jibu fupi kuazima mkia wa mwenzake ni jambo moja, nalo linahusu namna C inavyojua stringi imeishia wapi. Mteja kuganda, na ombi kukataliwa baada ya muda kwisha, ni jambo la pili, nalo linahusu utaratibu wa soketi ya REQ (soketi ni mlango wa programu wa kutuma na kupokea; REQ huomba, REP hujibu). Yote yanarekebishika ukiwa na maktaba hiyohiyo.

Litazame vizuri hilo "Sawaokelew". Herufi nne za kwanza ndizo jibu la pili. Sita zinazofuata, "okelew", ni herufi ya 5 hadi ya 10 ya jibu la kwanza, zimekaa palepale zilipoachwa. Data iliyoharibika njiani haiji na mpangilio safi namna hiyo. Mabaki hayo hayakusafiri popote: yalikuwa ndani ya bafa yako (eneo la kumbukumbu la kupokelea) tangu mzunguko wa kwanza, kisha `zmq_recv` ikaandika baiti nne juu yake na kuondoka bila kugusa zilizobaki. Zile alama za ajabu baada ya herufi ya 10 ni kumbukumbu iliyo nje ya bafa kabisa. `printf` imeendelea kuisoma kwa sababu haikukutana na baiti ya sifuri ya kuisimamisha.

Katika C, stringi haibebi urefu wake. Inaanzia hapa, inaishia kwenye baiti ya kwanza yenye thamani 0, basi. ZeroMQ haina desturi hiyo. Kwake ujumbe ni baiti pamoja na idadi yake, na haijali kama baiti hizo ni maandishi, picha au namba. "Habari" ikitoka kwenye soketi ya REQ, hupita kwenye waya hivi:

```
01 00
00 06 48 61 62 61 72 69
```

Mstari wa kwanza ni fremu (kipande cha ujumbe) tupu ambayo REQ huitanguliza yenyewe: 01 inasema kuna fremu nyingine nyuma yake, 00 ni urefu wake. Mstari wa pili ni fremu yako: 00 ina maana hii ndiyo ya mwisho, 06 ni urefu, halafu baiti sita za "Habari". Fremu ikizidi baiti 255, sehemu ya urefu hupanuka kutoka baiti 1 hadi 8. Hakuna baiti ya kufunga mwishoni, wala haihitajiki. Python ikipokea, inasoma urefu na kukutengenezea kitu cha baiti sita kamili. C inakuachia kazi hiyo wewe, na taarifa unayoihitaji inakupa: ni ile namba inayorudishwa na `zmq_recv`. Msimbo wa mfano umeitupa.

Sasa ushauri wa mwenzako. Kutuma `strlen + 1` (urefu wa maandishi pamoja na baiti ya sifuri) kunabadilisha unachokituma, ilhali tatizo lako liko kwenye unachokipokea. Hata seva nayo ikiongeza sifuri yake mwishoni, umehamisha tatizo tu: Python itapokea `"Habari\x00"`, ambayo kwenye skrini inafanana na "Habari" lakini ukiilinganisha na `"Habari"` jibu ni hapana, na ukiitumia kama jina la faili inakataliwa. Halafu usalama wa programu yako unabaki mikononi mwa aliye upande wa pili. Siku akisahau hiyo sifuri, unarudi kusoma kumbukumbu isiyo yako. Kuongeza bafa hadi 4096 na kuisafisha kila mara kwa `memset` kunaficha dalili hadi siku litakapofika jibu la baiti 4096 au zaidi. Siku hiyo hutakumbuka hata ulipoacha kiraka.

Rekebisho dogo kabisa lililo sahihi ni hili:

```c
char bafa[256];
const int nafasi = (int)sizeof bafa - 1;

int n = zmq_recv(mteja, bafa, nafasi, 0);
if (n == -1) {
    fprintf(stderr, "zmq_recv: %s\n", zmq_strerror(zmq_errno()));
} else if (n > nafasi) {
    fprintf(stderr, "jibu la baiti %d halikuenea\n", n);
} else {
    bafa[n] = '\0';
    printf("Jibu: %s\n", bafa);
}
```

Sharti la `n > nafasi` ndilo watu wengi hulisahau, na ndilo lenye hatari kuliko yote. Ujumbe ukiwa mrefu kuliko nafasi uliyotoa, `zmq_recv` hukata ziada na kuitupa, lakini namba inayorudisha ni urefu wa ujumbe *kabla* ya kukatwa. Jibu lako la kwanza lilirudisha 11 wakati bafa ina baiti 10. Ungeongeza tu `bafa[n] = '\0'` bila kukagua, ungeandika kwenye `bafa[11]`, ambayo si yako. Na mtu akikutumia ujumbe wa baiti 60,000, sifuri hiyo inatua mbali kabisa. Hapo kosa la kusoma limegeuka kosa la kuandika, na la kuandika ndilo wavamizi hulitafuta.

Mkia uliokatwa hauokoleki kwa kuita `zmq_recv` tena. Wanaotoka kwenye soketi za kawaida za TCP hudhani wito unaofuata utaleta kilichobaki. Hapa unaleta ujumbe mwingine, au kwenye REQ unaleta hitilafu. Mtego wa pili ni `sizeof`. Inafanya kazi hapo juu kwa sababu `bafa` ni safu iliyotangazwa papo hapo. Ukiipitisha kama `char *` kwenda sehemu nyingine ya programu, `sizeof` itakupa ukubwa wa pointa (anwani ya kumbukumbu), ambao kwenye mashine ya biti 64 ni 8. Ukigawa msimbo, pitisha ukubwa pamoja na pointa.

Kama hujui majibu yatakuwa na urefu gani, na kwa maandishi mara nyingi hujui, achana na bafa ya ukubwa maalumu. Mwachie `zmq_msg_t`, chombo cha ZeroMQ cha kubebea ujumbe wa urefu wowote, apokee ujumbe mzima, kisha unakili:

```c
char *pokea_maandishi(void *soketi)
{
    zmq_msg_t ujumbe;
    zmq_msg_init(&ujumbe);
    if (zmq_msg_recv(&ujumbe, soketi, 0) == -1) {
        zmq_msg_close(&ujumbe);
        return NULL;
    }
    size_t n = zmq_msg_size(&ujumbe);
    char *matini = malloc(n + 1);
    if (matini) {
        memcpy(matini, zmq_msg_data(&ujumbe), n);
        matini[n] = '\0';
    }
    zmq_msg_close(&ujumbe);
    return matini;
}
```

Anayeiita ndiye mwenye jukumu la `free`, yaani kuiachilia kumbukumbu hiyo. Gharama yake ni nakala moja ya ziada, ambayo kwa maandishi ya kawaida hutaihisi. Ila sasa umempa mtumaji uwezo wa kukuchagulia kiasi cha kumbukumbu utakachotenga, kwa hiyo weka kikomo cha `ZMQ_MAXMSGSIZE` kabla ya `zmq_connect` au `zmq_bind`. Chaguo-msingi lake ni -1, yaani hakuna kikomo. Thamani yake lazima iwe kwenye kigeu cha `int64_t`. Ukitumia `int` itakataliwa, na usipokagua kilichorudishwa hutajua. Atakayezidisha kikomo hukatiwa muunganisho.

Upande wa kutuma una kosa dogo la aina hiyohiyo. Ile 6 iliyoandikwa kwa mkono ni sahihi leo. Kesho ukibadilisha "Habari" kuwa "Habari za kazi" na kusahau namba, seva itapokea "Habari" tu, bila kosa lolote kuonekana. Tumia `zmq_send(soketi, matini, strlen(matini), 0)`. Usitumie `sizeof "Habari"`, kwa maana hiyo ni 7: inahesabu na sifuri.

`strlen` huhesabu baiti, haihesabu herufi. Chukua neno "ng'ombe". Likiandikwa kwa alama iliyonyooka ya kwenye kibodi, lina baiti 7. Likitoka kwenye programu ya kuandikia inayogeuza alama hiyo kuwa iliyopinda (’), jicho bado linaona vibambo saba, lakini katika UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa baiti) neno lina baiti 9, kwa kuwa ’ peke yake ni E2 80 99. Ukilikata kwenye baiti ya nne umeacha E2 80, ambayo si herufi yoyote. C haitalalamika, Python italalamika kwa `UnicodeDecodeError`. Ndiyo sababu maandishi hayakatwi kiholela kwenye idadi fulani ya baiti, na ndiyo sababu pande zote mbili zikubaliane mapema kwamba kinachopita ni UTF-8. ZeroMQ haikagui hilo wala haibadilishi chochote.

Kwenye seva yako kosa hilo lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. `recv_string` ya Python hupokea na kufasiri UTF-8 kwa mpigo mmoja. Ikikwama kwenye kufasiri, ujumbe umeshapokelewa lakini jibu halijatumwa. Soketi ya REP sasa inadai jibu. Kama msimbo wako unameza hitilafu na kurudi kupokea tena, utakataliwa. Kama programu inakufa, mteja anabaki akisubiri jibu ambalo halitakuja. Tenganisha hatua hizo mbili, na ujibu kwa vyovyote vile:

```python
ghafi = soketi.recv()
try:
    jibu = shughulikia(ghafi.decode("utf-8"))
except UnicodeDecodeError:
    jibu = "KOSA: si UTF-8"
soketi.send_string(jibu)
```

Hitilafu nyingine zinazoweza kutokea ndani ya `shughulikia` nazo zishikwe hapohapo. REP isiyojibu haina tofauti na seva iliyozimwa.

Jambo la pili sasa: kuganda. `zmq_connect` hufaulu hata kama hakuna seva upande wa pili, kwa sababu uunganishaji wenyewe hufanyika nyuma ya pazia na kurudiwa hadi ufanikiwe. `zmq_send` nayo hurudisha 6 bila wasiwasi: maana yake ni kwamba ujumbe umeingia kwenye foleni iliyo ndani ya kumbukumbu ya programu yako, haimaanishi umefika. Kisha `zmq_recv` husubiri, na chaguo-msingi la `ZMQ_RCVTIMEO` ni -1, yaani subiri milele. Mteja wako alikuwa anafanya alichoambiwa.

```c
int muda = 2500;   /* milisekunde */
int linger = 0;
zmq_setsockopt(mteja, ZMQ_RCVTIMEO, &muda, sizeof muda);
zmq_setsockopt(mteja, ZMQ_LINGER, &linger, sizeof linger);
```

Muda ukiisha, `zmq_recv` hurudisha -1 na kosa huwa `EAGAIN`. Hapa ndipo ulipokwama. REQ hufuata zamu bila msamaha: tuma, pokea, tuma, pokea. Kusubiri kwako kumeisha, lakini kwa soketi zamu bado ni ya kupokea, kwa hiyo `zmq_send` inayofuata inapata `EFSM`, kosa la kuvunja zamu. Soketi haijaharibika. Inashika tu kanuni yake.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga soketi kwa `zmq_close`, kufungua nyingine, kuiwekea chaguo zilezile na kuunganisha upya, kisha kutuma ombi tena, kwa idadi ya majaribio uliyoipanga, tuseme matatu, kabla ya kumwambia mtumiaji seva haipatikani. Msimbo unaongezeka, lakini kila hatua inaonekana. Ya pili ni kuwasha `ZMQ_REQ_RELAXED` pamoja na `ZMQ_REQ_CORRELATE`. Ya kwanza ya hizo inalegeza zamu; ya pili inayapa maombi namba ili jibu lililochelewa la ombi la zamani lisikabidhiwe kama jibu la ombi jipya. Ukiwasha ya kulegeza peke yake, siku moja utaonyesha jibu sahihi kwa swali lisilo lake, na hilo ni kosa gumu kulinasa. Kwa anayejifunza ningependelea njia ya kwanza.

Njia yoyote utakayochagua, kurudia ombi kuna bei. Huenda seva ilipokea ombi la kwanza, ikalifanyia kazi, na kilichopotea ni jibu tu. Kama ombi ni la kuuliza, hakuna neno. Kama linaongeza rekodi au linatoa fedha kwenye akaunti, litafanyika mara mbili. Weka namba ya pekee ndani ya kila ombi, na seva ikumbuke namba ilizokwisha kuhudumia.

Ile `ZMQ_LINGER` ya 0 nayo iwekwe kwa akili. Bila hiyo, `zmq_ctx_term`, wito wa kufunga muktadha wa ZeroMQ, inaweza kuganda mwishoni ikisubiri ujumbe usio na pa kwenda uondoke. Kwa mteja wa REQ aliyekata tamaa, 0 inafaa. Kwa programu inayotuma kwa PUSH (soketi ya kutuma tu, isiyosubiri jibu) na kufunga mara moja, 0 itatupa ujumbe ambao haujaondoka. Huko mpe sekunde moja au mbili.

Kuhusu kuhama: sioni sababu. Ukichoka kuandika msimbo wa `zmq_msg_t`, kuna CZMQ, maktaba ya C iliyo juu ya ZeroMQ yenyewe, ambayo `zstr_recv` yake hukupa stringi iliyofungwa vizuri na `zstr_free` huiachilia. Unaongeza utegemezi mmoja, unapunguza mistari mingi. Sababu halali ya kuhama ingekuwa kutaka ujumbe uhifadhiwe kwenye diski ili mashine ikizimika usipotee. ZeroMQ hushika foleni kwenye kumbukumbu tu, na kwa hitaji hilo tafuta mfumo wenye dalali wa ujumbe, kama RabbitMQ.

Kabla hujasema umemaliza, jaribu majibu haya: tupu kabisa (n itakuwa 0, na hilo si kosa), lenye baiti 255, lenye baiti 256, lenye ’ iliyopinda, na lenye mistari kadhaa. Chapisha `n` kila mara, na ukitilia shaka chapisha baiti zenyewe kwa heksadesimali badala ya kuamini terminali. Geuza msimbo kuwa programu hivi:

```
cc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address mteja.c -o mteja -lzmq
```

Kikaguzi cha kumbukumbu kinachowashwa na `-fsanitize=address` kitakamata `printf` inayosoma nje ya bafa, na `bafa[n]` inayoandika nje kidogo ya bafa. Hakitakamata mabaki yaliyo ndani ya bafa yako halali, kwa hiyo "Sawaokelewa" ndani ya bafa kubwa iliyosafishwa mara moja tu mwanzoni itapita bila kelele. Hiyo ni ya kukamatwa na jicho na hiyo `n`.

Kuna hali mbili ambazo ningekushauri ukae na mtu mzoefu mbele ya msimbo wote, kwa kuwa dondoo haitoshi. Ya kwanza ni kama unatumia nyuzi kadhaa (sehemu za programu moja zinazokwenda kwa wakati mmoja) na programu inaanguka mara moja moja bila mpangilio: soketi za ZeroMQ za aina hii hazishirikishwi kati ya nyuzi, ni muktadha (unaobeba soketi zote) tu unaoshirikishwa, na kutafuta ni uzi upi umegusa soketi ya mwingine kunahitaji kuona programu nzima. Ya pili ni kabla ya kuiweka seva kwenye mtandao ulio wazi. Mfano husikiliza kwenye `tcp://*:5555`, yaani kila kadi ya mtandao ya mashine, bila nenosiri na bila usimbaji. Yeyote anayefika kwenye mlango huo anaweza kutuma na kusoma. Wakati wa majaribio tumia `tcp://127.0.0.1:5555`. Baada ya hapo kuna CURVE, njia ya funguo iliyomo ndani ya ZeroMQ, lakini namna ya kugawa na kutunza funguo hizo ipangwe na anayeijua mashine yako na watakaoitumia.